Fundi Rangi Aliyepika kwa Macho

Jumatatu, tarehe 6 Machi 1989, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyumba ile ilikuwa na watu watano, na wote walikuwa ukumbini. Aliyeketi alikuwa mmoja tu, naye ni Bibi, mama mzazi wa mke wa mwenye nyumba, ajuza wa miaka themanini na kitu ambaye macho yake yalikuwa yamezibwa na mtoto wa jicho, akabakiwa na mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu apitaye. Waliosimama walikuwa mwenye nyumba, fundi rangi kwa kazi yake. Mkewe, mwenye sanduku mkononi. Dada wa Posta, mpangaji wa chumba cha nyuma, ambaye mchana alichambua vifurushi posta na jioni akachambua mambo yetu. Na mimi, mstaafu, mpangaji wa chumba cha mbele. Kabla ya saa moja tulibaki wanne. Mke wa Fundi alipanda basi kwenda kumwangalia binti yao aliyejifungua mapacha, na hakujua atarudi lini.

Aliacha maagizo mafupi. "Mama hula polepole, msimharakishe. Pilipili asiguse. Na wewe," alimgeukia mumewe, "usiwalishe wapangaji mayai kila siku, watahama."

"Nitapika," Fundi akasema.

Mkewe alimtazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyetangaza kwamba kesho ataendesha treni. "Haya, mume wangu. Mungu awe pamoja na wote watakaoonja."

Inanipasa kumweleza Fundi kidogo, maana bila kumjua mtu huyu yaliyofuata yataonekana kuwa mzaha mtupu. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye madoa ya rangi kwenye kucha ambayo hayakutoka hata siku za arusi. Alikwenda kazini amevaa tai chini ya ovaroli, kwa hoja kwamba ukuta nao ni mteja. Ujana wake wote aliutumia kusugua milango ya watu kwa msasa kabla fundi aliyemfunza hajamruhusu kushika brashi, na pengine ndiyo sababu hakuwahi kuwa na haraka tena maishani. Mjini walimwita Mkono wa Pili, kwa kuwa hakukubali kuondoka penye ukuta uliopigwa rangi mkono mmoja, hata kama mwenye ukuta ameridhika, amelipa na anataka alale. Kinyozi mmoja aliyetaka kufungua duka lake siku ileile alifungiwa nje hadi mkono wa pili ukauke, akawanyoa wateja wake kando ya barabara huku Fundi akimwonesha kwa kidole kupitia dirishani kwamba bado.

Sifa yake kubwa ilikuwa kuchanganya rangi bila kipimo. Ukimletea kipande cha kitambaa au ganda la tunda, alikitazama, akafumba macho kidogo, kisha akaanza kutia tone la hiki na tone la kile, akipaka madoa madogo juu ya kipande cha ubao na kukiweka penye mwanga. Hakuamua lolote kabla doa halijakauka. "Rangi mbichi husema uongo," alikuwa akisema.

Lakini kazi hiyo ilikuwa imemlipisha. Miaka mingi ya kufungiwa katika vyumba visivyo na hewa, pamoja na kile kiyeyusho chenye harufu kali ambacho mafundi hukiita tina, ilikuwa imeiua pua yake. Hakunusa maua wala moshi. Pua ilipokwenda ilichukua na sehemu kubwa ya ulimi: chumvi aliijua, sukari aliijua, ndimu na uchungu alivijua, ila mengine yote, aliniambia baadaye, yalikuwa kama kusomewa habari za chakula. Jambo hili alilijua mkewe peke yake. Mezani mkewe alikuwa akimkanyaga mguu pale palipostahili sifa, naye akasifu.

Jioni ya siku ileile aliingia jikoni akiwa bado na tai. Alikuwa na shabaha moja, nayo ni kuupata mchuzi wa mkewe, ambao aliujua kwa namna pekee aliyoweza kuujua: kahawia inayoelekea wekundu, yenye njano kidogo chini yake, inayong'aa penye ukingo. Nyanya hazikuwapo. Alichemsha kiazi sukari chekundu apate wekundu, akaponda karoti apate njano, akaongeza chai ya rangi iliyokolea ili kukoza, na mdalasini wa unga kwa ajili ya kile alichokiita kina. Tulimwona akidondosha mchuzi juu ya mfuniko wa sufuria, akiupeleka dirishani na kusubiri. Mara ya mwisho alitabasamu.

Nakiri kwamba kwa macho ulikuwa mchuzi wa mkewe hasa. Dada wa Posta alionja, akameza kwa bidii, akanywa maji.

"Fundi," akasema, "hiki chakula kinapendeza mno. Kwa nini tusikitundike ukutani?"

"Kina kasoro?"

"Hakina. Kasoro ninayo mimi, nina mdomo."

Bibi, ambaye hakuona rangi yoyote, alikula vijiko viwili. Kisha alikiweka kijiko kando ya sahani taratibu sana, kama anayemlaza mtoto. "Nashukuru, baba," akamwambia mkwe wake. "Nimeshiba."

Siku zilizofuata zilikwenda hivyohivyo. Fundi alipika maharage ya kijivu kamili, uji wa rangi ya maziwa ya asubuhi, na kabichi ya kijani ambayo angeweza kuiuza kwa mkandarasi. Bibi akala vijiko viwili na kushukuru. Hakuna kati yao aliyeweza kusema neno. Mama mkwe hamwambii mkwe wake kwamba chakula chake hakiliki, na mkwe hamhoji mama mkwe kwa nini hali. Walikuwa watu wawili wenye adabu kubwa, na adabu hiyo ilikuwa inamwua mmoja wao kwa njaa. Mchana alipozidiwa, Bibi aliomba chai na kipande cha mkate, akakitafuna akiwa amegeukia dirisha.

Alhamisi alikuja mwana wa kiume wa Bibi. Huyu alikuwa mkuu wa ghala la samani upande wa pili wa mji, mtu nadhifu, mnene kiasi, aliyezoea kuhamisha vitu vizito bila kuvikwaruza. Alimshika mama yake kifundo cha mkono, akakizungusha kama anayekagua mguu wa kiti.

"Shemeji, mama amekonda."

"Anakula kidogo," Fundi akasema.

"Kidogo kiasi gani?"

Fundi aliangalia viatu vyake. Dada wa Posta alitaka kusema jambo, nikamtazama, akaacha.

"Sikulaumu," mwanawe akaendelea. "Dada yangu hayupo, wewe una kazi zako. Lakini nyumbani kwangu kuna nafasi. Si Jumapili hii, ile ijayo, nitakuja na gari mchana. Nikikuta mama anakula, namwacha. Nikikuta hali, namchukua. Tumeelewana?"

Bibi alisubiri mlango ufungwe, mlio wa gari upotee, ndipo aliposema, bila kumwelekea yeyote: "Kule kwake mimi huwekwa. Chumba kizuri, zulia hadi ukutani. Asubuhi nafutwa vumbi, jioni nafunikwa. Mke wake ni mtu mwema, hapendi tu mtu aguse sufuria zake, wala asogee karibu nazo."

Hapakuwa na mtu nyumbani aliyetaka Bibi aondoke, na aliyetaka kidogo kuliko wote alikuwa Fundi. Wengine walidhani aliogopa kumjibu mkewe akirudi. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu ya pili ilikuwa kwamba kila jioni, kwa miaka mingapi sijui, Fundi alikuwa akirudi na kuketi kwenye kigoda karibu na kiti cha Bibi, akamsimulia ukuta alioushughulikia siku hiyo: ulikuwa rangi gani, umekuwa rangi gani, nani alipita akausifu. Bibi alijua mji mzima kwa njia hiyo. Alikuwa mtu pekee ambaye hakuwahi kumkatiza.

Sasa nije kwenye ndoto. Tangu mkewe aondoke, Fundi alikuwa akiota kila usiku, na ndoto zake zote zilikuwa na chakula ndani, zimevalishwa nguo za kazi. Alikuwa anazificha. Lakini Ijumaa asubuhi, tulipokuwa mezani na kimya kile cha mtu aliyepewa tarehe ya kuhamishwa kimetukalia, alianza kusimulia ili tu pawe na sauti.

"Leo nimeota nimepewa kazi ya kupiga dari rangi," akasema. "Rangi yenyewe ni uji. Mteja ni mbuzi. Amevaa suti, ana mkataba mkononi, anazunguka chini ya ngazi akinihimiza nimalize kabla mvua haijanyesha. Uji unanidondokea mdomoni. Mbuzi ananiuliza, 'Fundi, uji una iliki au hauna?' Nashindwa kumjibu. Anasema basi mkataba umevunjika, anaanza kuula."

"Anaula uji?" Dada wa Posta akauliza.

"Anaula mkataba."

Bibi alicheka. Alicheka hadi akashika meza, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Alipotulia akafuta macho yake kwa ncha ya kanga.

"Na wewe kwa nini usimjibu huyo mbuzi wa watu? Si ungesema tu iliki ipo au haipo?"

"Ningejuaje, mama?"

"Kwa harufu, baba. Iliki hainyamazi."

Fundi alizungusha kikombe chake mara kadhaa juu ya meza. "Mama, mimi harufu sina. Pua yangu ilikufa zamani, tina iliiua. Mke wangu anajua. Ningekuambia, ila niliona haya."

Bibi aligeuza uso wake kuelekea sauti ilikotoka. "Kwa hiyo ule mchuzi wa Jumatatu uliupika kwa nini?"

"Kwa macho, mama."

"Kwa macho."

"Ndiyo. Ulikuwa na rangi nzuri sana."

"Sikuiona, baba."

Hapo Dada wa Posta alipaliwa na chai, ikabidi nimpige mgongo.

"Mimi nilifikiri una hasira na mimi," Bibi akasema. "Nikawaza, labda nimemkosea mkwe wangu, labda amechoka nami, ndiyo maana ananitilia mdalasini kwenye maharage. Nikasema nisilalamike, nile ninachoweza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie chakula chako kibaya? Mtu angeuliza nimelelewa wapi." Alinyoosha mkono hewani, akisubiri ushikwe. "Nipeleke jikoni. Huyu haoni ladha, mimi sioni rangi. Tukijumlishwa tunafika mtu mmoja."

Kiti chake kiliwekwa kati ya jiko na pipa la maji, mahali ambapo mvuke ulimfikia usoni lakini moto haukumfikia. Alipewa kijiko, na akakikataa kwa sababu kilikuwa cha chai. Alitaka kijiko cha mezani. Kuonja kwa ncha ya kidole, alisema, ni kazi ya watu wanaoogopa.

Sikuwahi kuona jikoni penye mazungumzo ya aina ile. Fundi alikuwa macho, Bibi alikuwa pua na ulimi, nao walilazimika kutafsiriana kila kitu. "Kitunguu kimefika wapi?" Bibi angeuliza. "Kimefika ukuta wa kliniki," Fundi angejibu, "ile njano yao ya zamani." "Bado. Nisikiapo kinanuka utamu nitakuambia, nawe unitajie ni ukuta gani." Baada ya muda kidogo: "Haya, sasa hapo." "Hapo ni mlango wa benki, mama." "Basi kuanzia leo kitunguu chetu ni mlango wa benki. Usivuke hapo." Kwa njia hiyo Bibi akamfundisha kupika, na kwa njia hiyohiyo akarudishiwa rangi alizokuwa hajaziona kwa miaka mingi.

Cha kupika kilitokana na ndoto. Hilo nalo lilikuwa agizo la Bibi: aliyeota asimulie mezani asubuhi, na kilichomo ndotoni kitafutiwe njia ya kuingia sufuriani, kwa vitu vilivyomo kabatini, bila kwenda sokoni kwanza. Fundi aliota ngazi ambayo vidato vyake ni karoti, imeegemezwa kwenye kabichi kubwa kama nyumba, na ndani ya kabichi mkewe anauza tiketi za basi. Siku hiyo tulikula majani ya kabichi yaliyofungwa kama vifurushi, ndani yake dengu na karoti iliyopondwa. Dada wa Posta ndiye aliyeyafunga, kwa kuwa mkono wake ulizoea. Fundi aliota tena amepewa punda milia ampake rangi moja, na punda anamsihi kwa Kiswahili safi aachiwe angalau mkia. Tulikula maharage meusi na viazi vyeupe, vimepangwa mstari kwa mstari, na kipande kimoja cha nyama iliyobaki jana kikawekwa pembeni kuwa mkia. Mkate uliokauka ulikaangwa ndani ya yai na majani ya kitunguu kwa sababu ya ndoto ya sifongo iliyokuwa ikipiga mluzi.

Bibi naye aliota. Aliota yuko kwenye foleni ya hospitali, kila mtu kashika kijiko, na daktari anapima vinywa kwa utepe wa fundi cherehani. Alipofikiwa akaambiwa kinywa chake ni saizi ya sufuria, aende dirisha namba mbili. Tulijadiliana sana ni chakula gani hicho, mwishowe tukapika supu ya kila kitu.

Dada wa Posta aliota kuku wa kuchoma siku tatu mfululizo.

"Mwanangu," Bibi akamwambia, "hiyo haitoki usingizini. Hiyo inatoka tumboni."

"Bibi, ndoto ni ndoto."

"Kuku huyo alisema nini?"

"Hakusema kitu."

"Kuku wa ndotoni husema. Umemtunga."

Mimi sikuota lolote la kupikika siku hizo, nikapewa kazi ya kuosha vyombo.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyelitilia maanani. Bibi alionja kwa kijiko kilichojaa, na alionja mara nyingi, maana alikuwa mtu wa haki: chumvi ikiongezwa lazima ionjwe, ikionekana imezidi lazima maji yatiwe, na maji yakitiwa lazima ionjwe tena. Kati ya kitunguu cha kwanza na chumvi ya mwisho alikuwa amekula sahani nzima na ziada. Lakini kwa kuwa haikuwa kwenye sahani, hakuna aliyeiita mlo, hata yeye mwenyewe. Mezani aligusagusa tu. Mashavu yake yalianza kujaa, sauti ikapanda, akaanza tena kutania watu, nasi tukaona mambo yamekaa sawa.

Ikafika Jumapili ile. Usiku wake Fundi alikuwa ameota ghala la samani limetiwa katika sufuria moja, linachemka. Makochi yanaelea, naye amepewa uma ajaribu kama kabati limeiva. Bibi alisikiliza kwa makini.

"Hiyo ni boga," akaamua. "Vipande vikubwa, vyenye pembe. Lirostiwe na karanga, tangawizi kidogo, na kitunguu mlango wa benki. Leo hatukosei."

Kwa kuwa siku yenyewe ilikuwa nzito, alionja kuliko siku zote. Alionja boga likiwa gumu, likiwa laini, kabla ya karanga na baada ya karanga. Aliagiza tangawizi ikaongezwa, akajuta, akaagiza viazi viongezwe kuipoza, akaonja viazi. Fundi alipakua akiwa amevaa tai yake ya arusini.

Mwana wa Bibi alifika na gari la ghala. Alikuwa amelileta na blanketi nne zile zinazotumika kufungia makabati yasikwaruzike njiani, akaziacha zimekunjwa karibu na mlango. Aliketi, akaonja, akala. Aliongeza. Ndipo alipoinua macho akaiona sahani ya mama yake, boga limelala vilevile lilivyopakuliwa, kijiko kikavu.

"Mama, huli?"

"Nimeshiba, mwanangu."

"Umeshiba nini? Hata hujagusa."

"Nimeshiba tu."

Mwanawe alikiweka kijiko chake chini. "Shemeji, hayo ndiyo niliyoyasema."

Nilimtazama Fundi. Rangi ilikuwa imemtoka usoni. Nadhani ndipo tulipoelewa sote kwa pamoja tulichokifanya, na Dada wa Posta ndiye aliyepata ulimi kwanza.

"Anakula jikoni," akasema.

Neno hilo lilikuwa kweli, nalo liliharibu kila kitu. Mwanawe alisimama. "Mama yangu mnamlisha jikoni? Wageni mezani, mama jikoni?"

"Halishwi," Fundi akasema. "Anaonja."

"Kuonja si kula, shemeji. Mimi nikionja chai yako sijanywa chai. Dada," akamwambia yule wa Posta, "nisaidie kukusanya nguo za mama."

"Kaa chini," Bibi akasema.

Hakupaza sauti. Mwanawe aliketi kabla hajajua ameketi.

"Wewe ulisema utakuja uone kama nakula. Hukusema utaona mezani au wapi. Mchana huu umepita, tumbo langu limejaa, siwezi kulijaza mara mbili kwa ajili ya macho yako. Jioni tunapika tena. Uje uketi jikoni uone mwenyewe. Nikila, nabaki. Nisipokula, hizo blanketi zako nifunge hata miguu."

"Mama, mimi kwa ndoa yangu yote sijaingia jikoni."

"Utaingia leo. Hakuna anayekujua hapa."

Alibaki. Mchana alilala kwenye kiti na kukoroma kidogo. Alipoamka akatuambia, kwa aibu, kwamba ameota meza ya kulia inamdai likizo. Bibi alitaka kujua meza hiyo ilikuwa ya mbao gani. Akasema mninga. Bibi akafikiri, akasema basi viazi vya kukaanga, vikolee hivyo hivyo.

Jua lilikuwa linashuka mwanawe alipoingia jikoni amekunja mikono ya shati jeupe. Alikusudia kusimama pembeni na kushuhudia. Kabla hajapata pembe ya kusimama alikuwa amepewa kisu na beseni.

"Hilo ganda nene sana," Bibi akasema baada ya kiazi cha kwanza.

"Umeonaje, mama?"

"Nimelisikia likianguka. Unamenya viazi au unapasua kuni?"

Fundi alikuwa juu ya kikaango. "Kitunguu kiko kliniki, mama."

"Kiache kitembee."

"Kiko wapi?" mwanawe akauliza.

"Utazoea," Dada wa Posta akamwambia.

Kazi ilipopamba moto alisahau alichofuata. Bibi alimwagiza aonje chumvi, akasema inatosha. Bibi akanyoosha mkono, akaonja yeye, kijiko kizima, akasema mwanawe amezoea kula chakula cha watu wenye haraka. Wakatia chumvi. Akaonja tena. Viazi vya kwanza vilitoka. Bibi akala kimoja kupima kama kimeiva ndani, na cha pili kwa kuwa cha kwanza kilikuwa kidogo mno kutolea uamuzi. Wakabishana kama ndimu itangulie au ifuate. Ili kumaliza ubishi ilibidi zitengenezwe sampuli mbili, na sampuli zote mbili zikaishia mahali pamoja. Mwanawe alikuwa anacheka, jasho linamtoka, shati lina doa la mafuta ambalo mke wake angeuliza habari zake.

Kisha nikamwona anaacha kucheka. Alikuwa anautazama mkono wa mama yake ukienda sufuriani na kurudi mdomoni, ukienda na kurudi, huku kinywa kikitoa amri katikati. Aliinama akatazama ndani ya sufuria, akatazama sinia la viazi. Vilikuwa vimepungua sana, na hakuna aliyekuwa ameketi kula.

Tulipokwenda mezani, sahani ya Bibi ilibaki kama ilivyopakuliwa. Fundi hakula. Mikono yake alikuwa ameiweka juu ya magoti, na alimtazama shemeji yake kama mtu anavyotazama doa penye mwanga akingoja likauke.

"Hajala mezani," mwanawe akasema hatimaye.

Alivuta kitambaa kilichokuwa mezani.

"Ila nimeona." Alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Kwangu hakuna kiti jikoni. Nimekaa hapa nawaza pa kukiweka, sioni. Hata kingekuwapo, mke wangu asingekubali mtu ambishie ndimu."

"Si mtu mbaya," Bibi akasema.

"Si mbaya, mama. Lakini wewe ungeshiba vijiko viwili." Akamgeukia Fundi. "Shemeji, niwie radhi kwa maneno ya mchana."

"Hayakunifika," Fundi akasema, na hapo ndipo alipochukua kijiko.

Mlangoni mwanawe alijitwika blanketi zake. Aliuliza kama anaweza kuja tena Jumapili, na aje na nini.

"Vitunguu," Bibi akamjibu kutoka ndani. "Ndoto tunazo za kutosha."

Gari liliondoka saa moja na nusu, lina mtu mmoja na blanketi nne. Mke wa Fundi alikuwa bado kwa binti yake. Nyumbani walibaki Bibi, Fundi, Dada wa Posta na mimi. Jumla, watu wanne. Viazi havikubaki.